Redio Isiyosikia Kampala

Sajini mmoja wa jeshi letu alitujia ofisini akiwa na mfuko mkononi, na ndani ya mfuko huo mlikuwa na redio ya gari. Kwa sura ilikuwa nzima, ila nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa kisu karibu kabisa na mgongo wake. Aliiweka juu ya meza yetu, akapiga saluti, kisha akasema: "Afande, naomba muandike habari za fundi aliyenifanyia hivi, na jina lake mlitaje gazetini."

Jina hilo hatutalitaja, wala mtaa ilipo gereji yake, kwani ukurasa huu si mahakama. Lakini tuliposikiliza kisa chenyewe tuliona kwamba si kisa cha sajini peke yake. Ni kisa cha askari na polisi wengi waliopata gari kwa jasho lao, wakaliharibu wenyewe kwa tamaa ya muziki.

Ndugu yetu huyo alikuwa amehudumu Somalia, ambako Uganda ndiyo iliyotangulia kupeleka majeshi chini ya Umoja wa Afrika, mwezi wa Machi 2007. Aliporudi alinunua Toyota iliyokwisha kutumika Japani, iliyoletwa kwa meli mpaka Mombasa na kupangwa pamoja na wenzake katika yadi moja ya Nakawa. Aliikagua injini, akatazama matairi, akalala chini kutafuta kutu. Redio hakuiwasha. Usiku ule alipolifikisha gari nyumbani na kuiwasha, ilishika vituo vitatu au vinne tu, na maandishi yote ya kioo chake yalikuwa ya Kijapani. Kesho yake fundi aliitazama kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai, akatoa hukumu: "Hii imekufa, afande. Tuing'oe, tutie mpya, na amplifaya, na spika ya besi nyuma." Sajini alilipa fedha ambazo zingalitosha karo ya muhula mzima wa mtoto wake wa kwanza.

Wiki mbili baadaye, akiwa na mkewe na watoto wawili katika Barabara ya Bombo, wamekwisha kupita Kawempe, moshi ulianza kutoka chini ya kiti cha abiria. Tutarudi kwenye moshi huo.

Kwanza tuieleze redio iliyokatwa. Tuliipeleka kwa mtu anayejua kazi ya elektroniki, akaiunga na betri ya volti 12 na kipande cha waya kama eriali. Ikawaka. Ikashika Sanyu kwenye 88.2, ikashika CBS kwenye 88.8, kwa sauti safi kabisa. Haikuwa na ugonjwa wowote, ila kwamba ilizaliwa Japani.

Katika nchi nyingi duniani, Uganda ikiwamo, matangazo ya FM huenda katika masafa ya megahezi 87.5 mpaka 108. Wajapani walijipangia njia yao wenyewe: FM yao ilianza 76 na kukomea 90, na nafasi ya juu yake, 90 mpaka 108, waliwapa watangazaji wa televisheni kwa chaneli zao za kwanza, ya pili na ya tatu. Televisheni hiyo ya kizamani waliizima mwaka 2011, na katika mikoa mitatu iliyokuwa imepatwa na tetemeko la ardhi na tsunami wakaizima mwaka 2012. Ndipo walipoifungulia FM nafasi mpaka 95. Kwa hiyo redio ya gari la zamani kidogo hukoma 90, na nyingi za magari ya baadaye hukoma 95.

Sasa twende Kampala. Akaboozi ipo 87.9, Sanyu 88.2, CBS 88.8 na 89.2, Radio One 90.0. Hizo redio ya Kijapani huzisikia. Capital ipo 91.3, KFM 93.3, Radio Simba 97.3, na UBC, ambayo ni redio ya taifa, ipo 98.0. Hizo kwa redio inayokoma 90 ni kama hazipo duniani. Zamani jambo hili lisingemsumbua mtu, kwani mpaka mwaka 1993 hewa ya nchi hii ilikuwa ya Radio Uganda peke yake. Ni mwisho wa mwaka huo ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza, na baada ya hapo vikaota kama uyoga baada ya mvua. Hivyo mwenye gari anayeambiwa redio yake imekufa, kwa sababu haishiki Simba, ameambiwa uongo, au ameambiwa maneno na mtu asiyejua. Hatuwezi kusema kipi kati ya hayo mawili ni kibaya zaidi.

Dawa yake ni kisanduku kidogo, si kikubwa kuliko kiberiti, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Huwekwa katikati ya eriali na redio, hupewa umeme kidogo, na kazi yake ni kuyashusha masafa ya vituo vyote kwa kiasi kimoja. Kikishusha kwa megahezi 20, UBC ya 98.0 itaonekana kwenye 78.0, na Simba ya 97.3 itaonekana kwenye 77.3. Kikishusha kwa 12, Capital ya 91.3 itakaa kwenye 79.3. Mwenye gari azoee tu kwamba namba anayoiona si namba inayotajwa na mtangazaji. Ukitaka kujua kipi kinakufaa, usichukue cha kwanza unachopewa dukani: andika vituo vyako unavyovipenda, utoe 12, kisha utoe 20, uone vingapi vinaangukia kati ya 76 na 90. Cha 20 kitakupotezea Capital na KFM, kwani huzishusha chini ya 76. Cha 12 kitakupotezea vyote vilivyo juu ya 102. Hutokea pia kwamba kituo kilichoshushwa kinakalia mahali pa kituo kingine chenye nguvu, vikasikika viwili kwa pamoja kama mabaraza mawili ya wazee wanaozozana. Hiyo si kasoro ya redio, nayo haiponi kwa kupiga dashibodi kwa ngumi, kama tulivyoona koplo mmoja akifanya.

Upo pia ugonjwa mwingine wa uongo, na huu huwapata zaidi wenye Toyota zenye redio ya kioo kikubwa na ramani. Betri ikifa au ikibadilishwa, redio hiyo hujifunga. Huandika Kijapani kwamba inataka kadi yake ya ramani, au inataka namba ya siri. Wengine walikwisha kuitoa kadi hiyo na kuitupa, wakisema ramani ya Tokyo haina kazi Makindye. Kumbe kadi hiyo ndiyo iliyobeba roho ya redio. Ndugu msomaji, ukinunua gari la namna hiyo, kadi iache mahali pake, na kabla ya kubadilisha betri mwombe fundi aliunge gari na betri nyingine kwanza, ili umeme usikatike hata kwa dakika moja.

Hatusemi kwamba redio ya kiwandani isibadilishwe kamwe. Zipo sababu za haki. Mtu anayeendesha kutoka Bombo mpaka Gulu hutaka kupokea simu bila kuishika mkononi, na redio ya kaseti haitamsaidia. Kamera ya nyuma ni kitu cha maana kwa mwenye watoto wadogo wanaocheza uani. Na lugha ya Kijapani huchosha. Lakini mtu akate shauri hilo kwa kujua anachokifanya, wala asisukumwe na neno "imekufa".

Akikwisha kukata shauri, aanze na futikamba. Redio za dunia nzima zimefuata kipimo kilichotoka Ujerumani: upana wa milimita 180, na urefu wa kwenda juu milimita 50 au 100. Tundu la Toyota nyingi za Japani lina upana wa milimita 200. Hivyo redio ya milimita 180 itaacha mwanya wa milimita 10 kila upande, na ziko pande za plastiki zinazouzwa kwa ajili ya mwanya huo. Fundi mvivu huukuza kwa kisu au huujaza karatasi.

Baada ya hapo ni nyaya, na hapa twaomba radhi kwa kukaa sana, kwa sababu ndipo magari yanapofia.

Redio mpya huja na nyaya zenye rangi zinazojulikana. Manjano ni umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu ya vituo. Nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa. Nyeusi ni hasi, yaani ya bodi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika nne, kila moja na pacha wake mwenye mstari mweusi. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba nyaya za gari lenyewe zina rangi hizo hizo. La hasha. Katika Toyota nyingi umeme wa kudumu ni waya wa buluu na manjano, wa ufunguo ni wa kijivu, na hasi ni wa kahawia. Anayeunga rangi kwa rangi bila kupima kwa mita anacheza kamari na gari la mwenzake.

Kosa la pili ni kukata. Plagi ya kiwandani haina sababu ya kukatwa, kwani zipo plagi za kati zinazoingia upande mmoja katika nyaya za Toyota na upande wa pili katika redio mpya, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya chakula cha mchana cha watu wawili hotelini. Aliyekata plagi amemzuia mwenye gari asiweze kurudisha redio ya zamani, na kila waya aliouunga kwa kusokota vidole na kuuzungushia tepu utakuja kuachia. Gari lililoegeshwa juani huwa na joto kali ndani, gundi ya tepu huyeyuka, na waya hubaki uchi nyuma ya dashibodi mahali pasipoonekana.

Kosa la tatu ni kuifunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari, kama ilivyofanywa katika magari ya zamani sana. Redio za siku hizi hupeleka umeme katika nyaya zote mbili za spika. Ukiugusisha mmoja na bodi, umeichoma redio mpya siku ile ile uliyoinunua, na muuzaji hatairudisha.

Sasa neno juu ya wati. Kwenye boksi la redio huandikwa kwa herufi kubwa wati 50 mara 4. Hesabu haikubali. Gari likiwa linanguruma lina volti 14 na kitu, na spika ya kawaida ina upinzani wa omu 4. Kwa vipimo hivyo redio isiyo na amplifaya haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya wati 20 na ushei kwa kila spika. Wati 50 ni za kilele, za nukta moja ya sekunde. Na hizo 20 zatosha kabisa kwa mtu anayetaka kusikia muziki ndani ya gari lake, pasipo kuwafanya wakazi wa Nsambya wote wausikie. Mara nyingi sauti mbovu haitokani na redio, ila na spika za karatasi za mlangoni zilizochakaa. Anayebadilisha spika mbili za mbele na kuiacha redio ya kiwandani hupata nafuu kubwa kwa fedha chache, nasi twaona hilo ndilo lingalifaa kuwa la kwanza kujaribiwa.

Amplifaya ni habari nyingine. Ya wati 500 za kweli huvuta, sauti ikiwa juu kabisa, ampea 60 au zaidi. Altaneta ya gari dogo hutoa kama ampea 70 mpaka 100 kwa gari zima, pamoja na taa, feni na injini yenyewe. Ndiyo maana tunaona magari ya watu usiku taa zake zikififia kila ngoma inapopigwa. Umeme mwingi namna hiyo hauwezi kuchukuliwa katika nyaya za redio, hivyo waya mnene huvutwa kutoka kwenye betri, hupenyezwa ukutani mwa injini, hupita chini ya zulia mpaka nyuma. Waya huo, njia yake yote, una nguvu kamili ya betri, hata gari likiwa limezimwa na mwenyewe amelala.

Hapa ndipo turudi Barabara ya Bombo. Amplifaya ya sajini ilikuwa na fyuzi zake mbili, tena nzuri. Lakini zilikuwa mgongoni mwa amplifaya, nyuma ya gari. Kati ya betri na hapo, waya mzima wa mita nne au tano haukuwa na fyuzi hata moja. Fundi alikuwa ameupitisha chini ya reli ya kiti cha abiria. Kila mama watoto aliposogeza kiti mbele au nyuma, reli iliuguguna waya, na siku ile shaba iligusa chuma. Betri ya gari, ikifungwa hasi na chanya namna hiyo, humwaga ampea mamia. Fyuzi za nyuma hazikuona kitu, kwa sababu umeme haukufika kwao: ulirudi kwenye bodi papo hapo katikati ya njia. Waya ukawa mwekundu, zulia likaanza kuungua.

Sajini alifanya kama alivyofunzwa. Alisimamisha gari, akatoa familia, akafungua boneti, na kwa spana namba 10 aliyokuwa nayo akaling'oa kichwa hasi la betri. Ilimchukua muda usiozidi dakika moja. Zulia na kiti viliharibika, watoto hawakuumia. Lakini tumfikirie mtu mwingine asiye na spana, au aliyelala nyumbani na gari limeegeshwa chini ya dirisha la chumba cha watoto.

Fyuzi inayotakiwa ni moja tu, na mahali pake ni karibu na betri, isiwe mbali kuliko sentimita 45 kutoka kichwa cha chanya. Ukubwa wake usizidi uwezo wa waya, kwani kazi yake ni kuulinda waya. Pale waya unapopenya chuma, patiwe raba. Usipite chini ya reli ya kiti, wala karibu na pedali. Mwenye gari asione haya kumwambia fundi: "Nionyeshe fyuzi." Kama haipo, gari lisitoke gereji.

Kwa askari liko jambo la pili, dogo zaidi lakini linalowapata wengi. Wapo mafundi wanaofunga waya wa manjano na wa nyekundu pamoja, kwa sababu ni rahisi na redio huwaka bila ufunguo. Amplifaya nayo haipati tena amri ya kulala. Vitu hivyo vikila nusu ampea tu, betri ya ampea-saa 45 itakwisha kwa saa 90, yaani kabla ya siku ya nne kwisha. Askari aliyepelekwa kazini Karamoja kwa wiki moja hurudi akakuta gari halina hata pumzi ya kufungua milango, na kama redio ni ya ramani, imejifunga vilevile. Anayekwenda kwa miezi mingi, hata kama nyaya zake ni safi, na aondoe kichwa hasi la betri kabla hajapanda lori, akikumbuka yale tuliyosema juu ya kadi na namba ya siri.

Kwa ndugu zetu polisi hatuna la kuwafundisha juu ya wizi wa redio, ila twawakumbusha askari wenzetu. Katika Soko la Kisekka, hapo mjini Kampala, vipuri vya kila namna hupatikana, na wafanya biashara wengi wa pale ni watu wa halali wanaojua kazi yao kuliko maduka yenye vioo. Lakini redio inayouzwa kwa robo ya bei, plagi yake imekatwa badala ya kuchomolewa, na muuzaji hataki kuandika risiti, inajisimulia yenyewe. Sheria ya adhabu ya Uganda humwona mwenye hatia yule aliyepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Mtu wa sare hatasikilizwa akisema hakuwa na sababu ya kushuku. Aandikiwe risiti yenye namba ya redio, na aitunze pamoja na karatasi za gari.

Na sauti yenyewe? Serikali ilitoa kanuni za kelele mwaka 2003, nazo hazikumsamehe mtu kwa sababu ana magurudumu. Lakini sisi twawasema askari kwa sababu nyingine. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na wengi wetu tulikwisha kuacha sehemu ya masikio yetu katika viwanja vya shabaha. Wataalamu wanasema mtu aweza kustahimili desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15. Spika ya besi ndani ya gari lililofungwa vioo hufika hapo bila taabu, na dereva wake hasikii king'ora cha gari la wagonjwa lililo nyuma yake Barabara ya Jinja. Tumeyaona hayo, na dereva alikuwa mmoja wetu.

Redio ya sajini tuliirudisha. Mtu wa elektroniki aliziunga nyaya zake moja moja kwa risasi ya kulehemia, akazivika mipira, akatia ekspanda ya megahezi 20. Amplifaya na spika ya besi sajini ameviuza, kwa hasara. Juzi tulipanda naye mpaka Bombo. Kiti cha abiria bado kinanuka zulia lililoungua, na UBC ilikuwa kwenye 78.0, ikisoma habari za saa saba.